Usiangalie waliyopata, angalia waliyokosa

Walimu wenzangu, kama unasahihisha moki ya pamoja, yaani mtihani wa majaribio wa shule nyingi, na roho inakuambia kuna wizi, usianze na majibu sahihi. Watoto kumi wakipata swali moja hiyo si kesi, wamesoma. Angalia wamekosa wapi na wamekosa aje.

Mimi nilijifunza hii enzi za darasa la nane, kabla KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, iishe 2023, tukisahihisha hesabu huku Kakamega. Kwa rundo la shule moja kulikuwa na watoto tisa ambao kuanzia swali la 31 hadi la 38 wamekosa karibu yote, na nikitazama vizuri naona jibu la 32 limewekwa kwa 31, la 33 kwa 32, yaani majibu ni ya kweli lakini yamesogea mstari mmoja. Mtoto mmoja akiruka swali ni kawaida. Tisa waruke lile lile, na mmoja ameketi dirishani mwingine nyuma kabisa? Hapo kuna mtu mzima alikuwa anasoma majibu na akaruka moja.

Lakini chunga sana. Uliza 0.2 mara 0.3, ambayo ni 0.06, weka 0.6 kati ya machaguo, na wengi wataichagua bila kuibiana, pengine ndivyo sisi wenyewe tuliwafunza. Kosa lenye uzito ni lile hulipati kwa shule zingine na liko kwa karatasi tano za chumba kimoja. Wanauchumi wa Marekani, Brian Jacob na Steven Levitt, wakichunguza wizi wa mitihani kwa shule za Chicago walitafuta kitu kama hiki, mfululizo wa majibu yanayofanana ndani ya darasa moja, pamoja na alama zinazopanda ghafla halafu mwaka unaofuata zinaanguka.

Ukishaona, andika namba za maswali, chora walivyoketi, linganisha na mid-tem, mtihani wa katikati ya muhula. Na tafadhali usiwasimamishe watoto paredi. Sisi tuliwaita mmoja mmoja tukawapa maswali hayo manane kwa karatasi tupu. Wanne waliyafanya vizuri kabisa, na hao ndio waliniuma, kwa sababu waliacha jibu lao wakaandika la msimamizi. Msichana mmoja alikuwa amefanya la 34 pale kando ya swali, hesabu safi, halafu akaikata.

"Mwalimu, yeye alisema ni C," akaniambia.

Tangu hapo nikipewa karatasi nasoma kwanza kile mtoto ameandika pale kando.