Muulize Shangazi: Nikafanyie kazi mgahawa gani hapa Tanga?

Shangazi shikamoo. Mimi binti wa miaka 26 naishi Chumbageni kwa wazazi. Kazi zangu ni za mtandaoni, natafsiri makaratasi, nasikiliza rekodi za mahojiano naziandika neno kwa neno, halafu nafunga hesabu za maduka mawili ya watu. Shida nyumbani hawaelewi kama niko kazini, nikikaa na laptopu wanaona nimeshinda bure, mara kanunue ukwaju, mara mgeni kaja mtengenezee chai. Nimeamua nitoke, niwe nafanyia kazi mgahawani, na nimeona sehemu tatu. Moja iko mjini kati, ina kiyoyozi na waifai na kahawa ya mashine ila kikombe elfu tano na soketi ziko mbili tu. Ya pili hoteli huko Raskazone, upepo wa bahari na kimya, ila bajaji kwenda na kurudi. Ya tatu mgahawa wa Ngamiani, chai na chapati kwa bei zetu, ila televisheni haizimwi na barazani watu wanacheza keramu. Nichague ipi?
*Binti wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Hilo la ukwaju halitaisha kwa kuhama, ukirudi jioni utatumwa tu, kwa hiyo tuliache.

Umenipa bei, umenipa upepo, umenipa kiyoyozi, ila hujaniambia siku yako inakwendaje, saa ngapi unafanya nini, na hapo ndipo pa kuanzia maana kazi zako hizo tatu hazifanani hata kidogo. Rekodi zinataka masikio. Tafsiri inataka kichwa kimetulia. Hesabu za maduka zinataka meza pana na pasiwe na upepo, sasa hebu jione uko Raskazone, umezipanga risiti za mashine vizuri kwa tarehe, vile vikaratasi vyepesi kama ganda la kitunguu, upepo unakuja mara moja tu na mahesabu ya mwezi mzima ya mwenye duka yanaelekea baharini! Na jua nalo usilisahau, zile risiti zikiachwa juani au kwenye joto maandishi yanafifia mpaka karatasi inabaki nyeupe.

Kwa hiyo hoteli usiifanye ofisi ya kila siku. Iweke kwa siku una kikao na mteja, na hata siku hiyo kaa ndani, kwenye baraza ya nje upepo ukiingia kwenye maiki mwenzio husikia vuuu tu. Halafu joto. Watengenezaji wengi wa laptopu wanaandika kwamba mashine itumike pasipozidi nyuzi 35, na sisi hapa kuanzia Januari mpaka Machi mchana kivulini tu tunapita 30, sasa ukiiweka kwenye meza iliyopigwa na jua ndio utasikia feni yake inavuma na kila kitu kinakuwa kizito. Asubuhi sawa. Alasiri, miezi hiyo, hapana.

Ngamiani napapenda na chapati zao sina neno, ila kuandika rekodi chini ya televisheni yenye taarabu ni kujitesa bure. Pale nenda ukale, jibu ujumbe, tuma ankara, ondoka.

Imebaki ya mjini, na mimi kura yangu iko huko, lakini si kila siku. Piga hesabu: elfu tano mara siku 22 za kazi ni laki moja na elfu kumi, na hapo hujala, hujapanda bajaji. Nenda siku tatu kwa wiki, zile za rekodi. Siku za tafsiri nenda maktaba ya mkoa, ile ya zamani yenye jina la Mfalme George wa Sita. Vijana wa siku hizi mnapita nje yake kama hamuioni, mnadhani ni ya wanafunzi wa kidato cha nne peke yao. Kahawa hakuna na simu hupigi, lakini kimya chake huwezi kukinunua kwa elfu tano popote hapa mjini. Kaulize mapema utaratibu wao wa uanachama na wa umeme.

Sasa kabla hujauita ule mgahawa ofisi, kaukague, na ukakague saa ileile unayotaka kufanyia kazi. Watu wanaenda Jumapili jioni wanakuta kumetulia wanasema nimepata, Jumatatu saa saba mchana wanakuta nusu ya maofisi ya mjini imehamia mule kula pilau. Agiza kitu ukae. Chomeka chaja uone soketi inashika au inalegea, maana nyingine ukigusa waya tu moto unakatika, na kama chaja yako ni ya pini mbili za mviringo beba adapta yako mwenyewe usimsumbue muhudumu. Uliza umeme ukikatika wana jenereta, na wakisema ndiyo usiishie hapo, uliza inawasha soketi au inawasha friji na taa tu, hilo ndilo linalowaumiza wengi. Waifai ijaribu kwa kupandisha faili kubwa na siyo kwa kufungua picha za Instagram. Na hata ikiwa nzuri bando lako liwepo: simu ya sauti kwa mtandao haili sana, saa nzima haifiki MB 100, lakini kikao cha video kinaweza kula kama GB moja kwa saa na zaidi, kwa hiyo mteja akitaka kukuona uso muoneshe dakika mbili halafu zima kamera.

Meza chagua mbali na kaunta. Adui wa kazi yako siyo muziki, muziki hedifoni zitaumaliza, adui ni brenda ya juisi, ikianza na maembe yale inakata kila neno la mtu unayemsikiliza. Mgongo uwe ukutani, hesabu za watu si sinema ya kila anayepita.

Na hili nakwambia kama mwanamke. Ukitaka kwenda chooni au kuswali, laptopu unamwachia nani? Usiiache mezani eti kwa sababu watu wanaonekana wastaarabu. Jenga mazoea na dada wa kaunta, mjue jina, na hata hivyo mashine ingiza kwenye begi uende nayo, kiti kiwekee mtandio. Angalia choo cha kina mama kiko vipi kabla hujaagiza kikombe cha pili. Na wale kina kaka wanaoona binti amekaa peke yake wanadhani anasubiri kampani, ukikaa karibu na keshia wanapungua, sijui kwa nini ila wanapungua.

Mwisho, kiti kina kodi yake. Kikombe kimoja siyo tiketi ya kutwa. Kila masaa mawili agiza kitu hata maji, na ikifika saa saba watu wa chakula wakiingia usiikalie peke yako meza ya watu wanne. Mwezi wa Ramadhani panga mapema, migahawa mingi kwetu huku inafunga mchana au inabadili masaa, na huo ndio wakati wa maktaba hasa.

Dada, habari za kazi. Mimi nina mgahawa mdogo maeneo ya Barabara ya 10. Siku hizi nina wateja wa laptopu, mtu ananunua chai moja anakaa masaa manne anachaji na simu juu. Luku inakimbia. Nizibe soketi?
*Mwenye Mgahawa*

Salama kaka yangu, pole na majukumu. Luku inakimbia ila mkimbizaji siye huyo. Chaja ya laptopu ya kawaida ni kama wati 60, na hapo ni ikivuta kwa nguvu zake zote. Masaa manne ni uniti 0.24. Kwa bei ya kawaida ya uniti moja, shilingi 350 na ushee ukijumlisha na makato, mteja wako wa laptopu amekula umeme usiofika shilingi mia. Simu ndiyo kabisa usiihesabu. Kaangalie friji lenye mpira wa mlango uliochoka, na lile jagi la umeme la kuchemshia maji ambalo peke yake linavuta wati elfu mbili.

Anachokula yule bwana ni meza, na meza ina thamani saa saba mchana, saa nne asubuhi haina, maana hakuna anayeitaka. Kwa hiyo soketi usizibe. Andika karatasi ya kistaarabu ukutani kwamba kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu meza ni za chakula, na muhudumu awakumbushe kwa maneno mazuri. Wasogeze kwenye zile meza ndogo za ukutani na soketi zako nzuri ziwe hukohuko, watahama wenyewe bila kuambiwa. Halafu wauzie kitu kinachofanana na ukaaji wao: chupa ndogo ya chai ya tangawizi au kahawa chungu, na kashata mbili tatu kwenye kisahani, bei moja, kaa asubuhi nzima. Mtu aliyelipa hivyo hajioni anaiba kiti na wewe hukai unamkodolea macho. Waifai kama unayo, neno la siri libadilishe kila siku uandike kwenye risiti.

Kuna mwenzio mmoja mjini alizima soketi zote. Wale vijana waliondoka kweli, na wakaondoka na wenzao waliokuwa wanakuja kuwafuata hapo saa saba kula biriani.

Shangazi, waifai ya mgahawani ni salama kufungulia akaunti ya benki?
*Msomaji wa Makorora*

Siyo hatari kama watu wanavyotishana, maana programu za benki na tovuti nyingi siku hizi taarifa zinasafiri zikiwa zimefungwa. Wasiwasi wangu uko kwenye mtandao bandia wenye jina linalofanana na la mgahawa, kwa hiyo muulize muhudumu jina kamili usichague tu wa juu kwenye orodha, na simu ikikuletea onyo kwamba tovuti si salama usibonyeze endelea. Mambo ya hela mimi nazima waifai natumia bando langu. Namba ya siri andika ukiwa umeegemea ukuta, wenye macho wako meza ya nyuma.