Muulize Mama Hazina: Kiporo hakiliwi bure

Kwa wageni wa safu hii: nilishika daftari la hesabu la klabu moja ya mkoani kwa misimu sita, mingine Ligi Kuu, mingine daraja la chini. Sijawahi kupiga danadana hata tatu. Ninachokijua ni bei ya dizeli, bei ya wali kuku wa watu thelathini, na namna ya kumwambia mchezaji kwamba mshahara haujaingia. Barua za mwezi huu ni nne.

*Shikamoo Mama Hazina. Niko Songea, shabiki wa Majimaji. Tulishuka Ligi Kuu mwaka 2018. Baada yetu wakafuata Stand United, kisha Ndanda, Lipuli na Mbao. Siku hizi tunasikia mabilioni ya televisheni. Kwa nini timu za mikoani hazikai juu?*

Marahaba mwanangu. Kwanza tuweke tarehe sawa, maana watu wanachanganya. Hao wote uliowataja walishuka kabla ya mkataba wa televisheni wa TFF, shirikisho letu la soka, na Azam Media, ule wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, uliosainiwa Mei 2021. Hawakuyaonja mabilioni hayo.

Msimu wa 2018/19 ndio unaotakiwa kusomwa vizuri. Ligi ilipanuliwa ikawa na timu 20, mechi 38, na msimu huohuo ikachezwa bila mdhamini mkuu. Hebu fikiria: mfuko umetoboka, halafu unaongezewa safari. Timu ya Mtwara ina mechi 19 za ugenini, nyingine ni Bukoba, Mwanza, Mbeya. Msimu uliofuata timu zilikuwa bado 20, corona ikasimamisha ligi kuanzia Machi hadi Juni 2020, wachezaji wakiwa na mikataba na wanakula. Mimi nilikuwa nauita ule upanuzi harusi ya kukopa. Waalikwa waliongezwa kabla ya kuuliza mchele upo kiasi gani.

Sasa timu ni 16, mechi 30, na fedha ya televisheni ipo. Hali ni bora, sitakataa. Ila usiichukue bilioni 225.6 ukagawa kwa 10, kisha ukagawa kwa 16, ukadhani hicho ndicho kilichoingia benki kwa kila klabu. Si yote inakwenda kwa klabu, na anayeshika mkia hapati sawa na bingwa. Uingereza, fedha za haki za televisheni za ndani ya nchi nusu nzima hugawanywa sawa kwa klabu zote, robo kwa nafasi kwenye msimamo, robo kwa idadi ya mechi zinazooneshwa. Ile nusu ndiyo ninayoitamani. Mweka hazina wa timu ndogo anaweza kupanga mishahara ya Agosti hadi Mei kwa fedha anayoijua. Kwa fedha ya nafasi hawezi, maana nafasi inajulikana msimu ukiisha, na wachezaji wanataka hela mwezi huu.

Lakini kilichonitoa jasho mimi hasa ni ratiba, na sioni wachambuzi wa redioni wakiigusa kwa upande wa pesa. Siku moja tulikuwa na mechi Dar es Salaam. Tumefika Morogoro, tumeshakula, simu ikaingia: mechi imeahirishwa. Kurudi nyumbani ni dizeli, na siku nne baadaye tulikuwa na mechi nyingine pwani. Tukabaki. Usiku mbili nyumba ya wageni, vitanda kumi na tano, wengine wawiliwawili. Mwenye nyumba alitaka chake asubuhi, mimi nilikuwa na nauli tu. Nilimwachia pete yangu. Nilikuja kuikomboa wiki ya pili, na mume wangu hadi leo anasema niliipoteza kisimani.

Mechi iliyoahirishwa ndiyo tunayoiita kiporo, na mashabiki wanakijua kwa sababu ya timu kubwa. Ile mechi ya watani, Simba na Yanga, iliyokuwa ichezwe Machi 8, 2025 ikaja kuchezwa Juni 25, na Yanga ikashinda 2-0. Nani alikuwa na haki, ulizeni kwingine. Mimi namwazia mwenye daftari wa klabu ndogo, ambaye kiporo kimoja kinamlia fedha ya dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu. Kwa hiyo ningeanza hapa: ratiba ikitoka Julai ifungwe, na wiki za mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ziwekwe wazi tangu mwanzo, maana CAF hutangaza kalenda yake mapema. Mechi za ugenini zifungwe mbilimbili, ukienda Mbeya ucheze zote za huko kwenye safari moja, badala ya kukanyaga zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar mara mbili kwa mwezi. Na mamlaka ikiahirisha mechi timu ikiwa tayari iko njiani, mfuko wa ligi ulipe kitanda na chakula. Hilo la mwisho likiandikwa kwenye kanuni, utashangaa jinsi viporo vitakavyopungua.

Na ninyi wa klabu msicheke. Kanuni za leseni za CAF zinataka klabu iwe na mahesabu yanayokaguliwa, timu za vijana, na watu wenye sifa. Nimeona klabu inasajili wachezaji 30 wakati basi lina siti 28.

*Salamu kutoka Likoni. Mimi ni wa Bandari, hatulali njaa sana kwa kuwa klabu ni ya mamlaka ya bandari. Lakini ligi yetu Kenya, kila mdhamini huja kwa ngoma na kuondoka kimya. Tufanyeje?*

Salamu nimezipokea, ndugu yangu. Kwenu mmepata somo mara tatu. SuperSport, wale wa televisheni, aliondoka 2017. SportPesa aliyekuwa amebeba ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards alijiondoa Agosti 2019, baada ya leseni yake ya kubahatisha kukwama. BetKing akaja 2020 na mkataba wa miaka mitano, mwaka uliofuata akawa hayupo.

Kampuni za kubahatisha zina hatari yake ya pekee: biashara nzima inaishi kwa kibali cha serikali. Kibali kikisita, jezi inabaki na nembo ya mtu asiyelipa. Sisi huku tusiwacheke, wadhamini wa aina hiyo tunao. Nikikaa mezani na mdhamini, kwangu tarakimu kubwa ya gazetini si ya kwanza. Nataka dhamana ya benki ya angalau nusu msimu, nataka notisi isipungue miezi sita, nataka fedha iingie kabla ya mechi ya kwanza kila msimu. Na kanuni yangu ya zamani, ambayo mwenyekiti wetu aliichukia: mdhamini mmoja asizidi theluthi ya bajeti. Kilichobaki kitoke kwenye viingilio vya mlangoni, kwenye jezi, kwa wanachama, kwa duka la mtaani linalotangaza ubaoni kwa laki mbili. Laki mbili za watu kumi ni ngumu kukimbia zote siku moja.

Kuhusu Bandari, bahati yenu ni kama ya JKT Tanzania na Prisons kwetu, timu za jeshi na magereza: mshahara una mwenyewe. Ulizeni tu, bosi mpya wa taasisi akiwa hapendi mpira, itakuwaje?

*Mama, ligi ipunguzwe iwe na timu 12 ili ushindani ukue?*

Hapana. Timu 12 ni mechi 22, nyumbani 11. Utamlipa mchezaji miezi kumi kwa milango 11? Baada ya VAT, mgao wa uwanja na makato mengine, milango 15 yenyewe haitoshi. Kumi na sita ziachwe.

*Shikamoo mama. Nafundisha vijana Temeke. Kijana wangu mmoja nilimlea tangu ana miaka 12, sasa yuko nje na nasikia atauzwa. Je, nina changu?*

Marahaba baba. Inategemea karatasi.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 5 ya fungu hilo, na wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 10. Chukua ada ya dola milioni 1. Fungu ni dola 50,000. Ukimlea misimu minne ya mwanzo, kila msimu ni dola 2,500, jumla 10,000. Kwa timu ya Temeke hizo ni mipira, jezi na nauli za miaka. Na kila atakapouzwa tena, mlango unafunguka upya. Mtu kama Mbwana Samatta, aliyetoka African Lyon kwenda Simba, Mazembe, Genk, Aston Villa na kuendelea, anakuonesha hesabu ya namna hii inavyotembea.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo cha FIFA kilichoko Paris, na chombo hicho husoma usajili. Hakisomi machozi ya mwalimu. Je, timu yako ilisajiliwa chama cha wilaya? Kijana aliingizwa kwenye mfumo wa TFF kwa jina la timu yako, tarehe ya kuanza na ya kuondoka? Kama ndiyo, nenda TFF uombe pasi yake ya mchezaji, ile karatasi ya timu zote alizosajiliwa, uangalie kama jina lenu limo, kabla hajauzwa. Kama alikuwa anacheza tu jioni bila fomu, kwa huyu umechelewa.

Lakini una wengine wa miaka 12 uwanjani leo. Wajazie fomu wiki hii, upate risiti, na namba ya risiti iandike nyuma ya picha ya timu. Kwenye klabu yetu mafaili yalihama na kila katibu. Picha zilibaki ukutani.