Wapenzi wa zamani wakirudiana kitabuni

Umeuliza kama uendelee na riwaya nyepesi za wapenzi walioachana kisha wakarudiana, maana ya kwanza ilikuchekesha sana halafu mwisho wake ukakuudhi. Endelea tu, ndugu yangu. Utamu wake ni kwamba wawili hawa wanajuana tayari: jamaa anamwachia kiti cha dirishani bila kuulizwa, bibie anajifanya hakuona, na msomaji anacheka peke yake. Kasoro huwa kwenye sababu ya kuachana. Kama ni jambo ambalo simu moja ingelimaliza, miaka kumi ya kununiana haiaminiki. Mimi huchungulia kwanza pale aliyekosea anapoomba msamaha (najua, ni tabia mbaya). Akiomba kwa mzaha na busu tu, nakirudisha kitabu rafuni.