Usiache kidato cha tatu kwa ajili ya bodaboda

Mdogo wangu, unauliza kama uache shule uendeshe bodaboda kwa sababu mama amezidiwa. Pole sana. Mimi niliacha kidato hichohicho. Mwanzoni hela ilionekana, kisha pikipiki ikachakaa, na kila nilikoomba kazi, hata ya ulinzi, walitaka cheti cha kidato cha nne. Nilirudi kupitia mtihani wa maarifa, QT, unaompa aliye nje ya shule sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, ndipo nikafanya huo wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilisoma usiku kwa tochi ya simu, mwanangu amelala miguuni.

Jumatatu mwone mwalimu wa malezi, mweleze hali ya nyumbani bila kuficha. Na kama umeshatoka, rudi mapema: tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inawaruhusu walioacha kurejea darasani.