Baa ya Kukaza Bodi ya Gari: Miisho Ndiyo Kazi Yenyewe

Kabla ya kushika grinda utengeneze baa ya kuunganisha minara ya shoki za mbele, ingia chini ya gari ukague bushi (raba za maungio), bolijointi (maungio ya mpira wa chuma) na raba za juu ya shoki. Gari lenye bushi zilizopasuka litayumba tu hata ulijaze vyuma kila pembe.

Magari madogo mengi hayana chesisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma chini ya bodi, kama ya lori. Bodi ndiyo chesisi. Kwenye kona kali, minara miwili inayoshika vichwa vya shoki za mbele haisogei sawasawa, na pembe ya tairi hubadilika kidogo. Baa inaifunga minara hiyo pamoja. Kwa hiyo inavutwa na kusukumwa kwa urefu wake, na ndiyo maana inapaswa kunyooka. Kila mkunjo unaigeuza springi. Baa yenye mikunjo mitatu ya kukwepa injini hupendeza ukifungua boneti, basi.

Paipu ya chuma ya kipenyo cha milimita 25 hadi 32, unene wa ukuta milimita 2 au 2.5, inatosha. Usihangaike kutafuta chuma kigumu zaidi: chuma cha bei kubwa huchelewa kupinda moja kwa moja, lakini kwa mzigo wa kawaida kinanyumbulika sawa na cha kawaida. Aluminiamu ina takriban theluthi moja tu ya ukakamavu wa chuma, hivyo paipu yake lazima iwe nene zaidi.

Wengi huharibu kwenye sahani za miisho, yaani bamba za ncha za baa zinazokalia minara. Chora kiolezo cha kadibodi juu ya mnara, kisha ukihamishie kwenye bamba la milimita 5. Kwa bolti za shoki za M8 (nene milimita 8) zinazochomoza juu ya mnara, toboa tundu la 8.5, si 10. Tundu pana linaiacha baa iteleze kila mzigo unapogeuka. Angalia pia urefu wa uzi uliobaki: sahani imeshakula milimita 5, na nati lazima ijae yote huku uzi mmoja au nyuzi mbili zikichungulia juu. Kama uzi hautoshi, tumia bamba jembamba lililokunjwa kingo. Nati za pembeni, zinazoshika shoki kwenye mnara, zifunguliwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ile ya katikati ya shoki usiiguse kabisa. Ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isifyatuke.

Kuchomelea hakufanyiki ndani ya gari. Chukua vipimo bodi ikiwa imekalia matairi, kwenye sakafu iliyo sawa, kisha toboa matundu yaleyale kwenye kipande cha chuma kizito na ufunge sahani zote mbili hapo. Shikiza paipu kwa vitone vinne vya welding kila upande, halafu choma kidogo huku, kidogo kule, na uiache ipoe ikiwa bado imefungwa. Ukiifungua ya moto, welding inavuta na matundu hayatafuatana tena. Kama paipu ina zinki, isage yote sehemu ya kuchoma; moshi wake ni sumu. Chini ya sahani rangi iwe nyembamba, kwa sababu rangi nene hubonyea polepole na nati inalegea.

Baa ya chini, inayounganisha sehemu zinaposhikwa kontroli amu (mikono inayoshikilia magurudumu kwenye bodi), mara nyingi huleta tofauti kubwa kuliko ya juu. Tumia bolti za daraja lilelile la kiwandani, ndefu zaidi kwa unene wa sahani. Isiwe kitu cha chini kuliko vyote, la sivyo tuta la kwanza litaigonga na kung'oa mahali iliposhikwa. Ukilazimika kutoboa boriti yenye uwazi ndani, weka bomba fupi la kupokea mbano. Bila hilo, kuta zinaingia ndani na bolti haikazi kamwe.

Wakati wa kufunga, gari liwe chini. Likiwa kwenye jeki bodi imejipinda kidogo, na baa itaufungia upindo huo. Bolti ziingie kwa mkono. Ukihitaji nyundo, baa imekosewa vipimo, irudi mezani. Kaza kwa zamu, huku na huku, mpaka kipimo cha kitabu cha gari husika. Kisha weka vibonge vya udongo laini juu ya baa, funga boneti taratibu, ufungue upime: nafasi ya milimita 10 inatosha. Upande wa injini acha 20 au zaidi, maana injini hutikisika juu ya mauntini (raba zinazoibeba) zake.

Chora mstari wa rangi ukipita nati na sahani, na uukague baada ya kilomita 100. Mstari ukikatika, kaza tena. Nati ikilegea mara ya pili, usiendelee kukaza tu: fungua utafute rangi iliyobonyea au sahani isiyolala sawa. Na kama mnara wako una matundu marefu ya kurekebishia pembe ya tairi, peleka gari likapimwe alaimenti, yaani pembe za matairi, kwani pembe huhama nati zinapofunguliwa.