Kware kujipasua utosi: tatizo ni dari, si mbawa

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kware 60 hapa Morogoro kwenye banda la wavu lenye kimo cha sentimita 70 hivi. Wakishtuka usiku wanaruka na kujigonga juu. Wanne wamechunika utosini, mmoja amekufa. Fundi aliyenitengenezea banda anasema niwapunguze mbawa na vidonda nipake mafuta ya taa. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Mkasi uweke chini, na hayo mafuta ya taa usimpake ndege yeyote. Yanaunguza ngozi iliyokwisha kuchunika.

Ushauri huu wa kukata mbawa nakutana nao kila wiki, na unaniudhi kwa sababu unaua. Kware akishtuka anafyatuka wima, na msukumo wa kwanza unatoka miguuni zaidi kuliko mbawani. Ukimkata mbawa bado atafyatuka, ila sasa hana cha kumsaidia kujigeuza wala kutua. Utosi utapasuka vilevile, na mguu unaweza kuvunjika juu yake.

Kinachokuumizia ndege ni hizo sentimita 70. Wengi huinua dari kidogo kwa huruma, ili kware apate nafasi, kumbe wanampa kimo cha kutosha kuchukua kasi na kisichotosha kuipunguza. Dari ikiwa sentimita 25 hadi 30, anagonga kabla hajapata nguvu ya kujiumiza. Ikizidi sentimita 180, anawahi kugeuka. Katikati ya hapo ndipo penye maafa.

Huna haja ya kubomoa. Tandaza neti ya kivuli ndani ya banda, kimo cha sentimita 30 kutoka sakafuni, ilegee kidogo ili ibonyee anapoigonga. Matundu yawe madogo, kichwa kisipenye. Kwa kuwa umewashushia dari, wape upana wa sakafu, na pembeni weka nyasi kavu au ninginiza kipande cha gunia: kware mwenye pa kujificha hujibanza kwanza kabla ya kuruka.

Halafu tafuta kinachowashtua. Usiku mara nyingi ni paka, panya, au taa inayozimwa ghafla wakabaki gizani.

Waliochunika watenge leo hii, maana wenzao wakiona damu watawadonoa. Safisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha paka ayodini. Ila angalia kidonda kilipo: kikiwa kisogoni badala ya utosini, hilo ni dume linalowakwida majike, na dari haihusiki. Na ukiona shingo zinapinda bila jeraha lolote, mwite daktari wa mifugo, kwani ugonjwa wa mdondo (kideri) nao hupindisha shingo.

Kware walipovuma mwaka 2013 na 2014, hasa kule Kenya, mayai yao yakasifiwa kuwa dawa ya kila kitu, kila mwenye koleo akawa fundi wa vizimba. Wengine walichukua vipimo vya banda la kuku wakavipunguza tu, na vizimba vya namna hiyo bado vinauzwa, pamoja na vichupa vya "dawa ya kutuliza kware" visivyo na lebo wala jina la mtengenezaji. Anayekuuzia kizimba, mwombe futi ya kupimia mbele yake kabla hujatoa hela. Akianza kukueleza habari za mkasi, ondoka.