Seva inalia "bus error", tunaanzia wapi?

Swali: Logi imejaa "PCIe Bus Error: severity=Corrected", mistari kibao, ila seva inapiga kazi vizuri tu. Niipuuze?

Mkuu usiipuuze, ila usipaniki pia. PCIe ni njia inayounganisha kadi na bodi ya seva. Corrected maana yake kosa limesahihishwa na vifaa vyenyewe, mara nyingi data ilifika imeharibika ikatumwa upya ikafika salama, so hujapoteza kitu bado. Kwenye huo mstari kuna anwani ya kifaa, mfano 0000:03:00.0, andika lspci -s 03:00.0 utajua ni kadi gani. Mimi ilishanitokea kwa kadi ya netiweki, nikazima seva nikachomoa umeme, kuitoa nakuta vumbi limeganda mdomoni mwa sloti na kadi yenyewe imekaa upande, nikasafisha nikaikandamiza mpaka ikaingia yote na logi ikanyamaza siku hiyohiyo. Ikigoma, ihamishie sloti nyingine: makosa yakiifuata, kadi ndo mgonjwa, na ukiweka kadi nzima kwenye sloti ya zamani yakarudi, hapo shuku bodi. Kuna watu wanaweka pci=noaer (chaguo la kernel la kuzima ripoti za makosa ya PCIe) wakati wa kuwasha, jamani hiyo inaficha ujumbe tu, tatizo liko palepale, msifanye hivyo kwenye seva yenye data za watu.

Swali: Programu inakufa na "Bus error (core dumped)", ramu imekufa?

Si lazima, na mara nyingi sio. Hiyo ni ishara (signal) ya SIGBUS, ambayo mfumo unaitumia kuua programu iliyogusa kumbukumbu isiyofikika, namba 7 kwenye Linux ya x86, namba 10 kwenye FreeBSD. Inatokea sana programu ikiwa imefungua faili kwa mmap (kulisoma kana kwamba ni sehemu ya ramu) halafu faili likakatwa likawa fupi huku bado linasomwa. Kama programu iko ndani ya kontena la Docker anza na df -h /dev/shm (ramu ya pamoja ya programu), maana bila kuiongeza inakuja na MB 64 tu, inajaa fasta. Ramu ishuku pale dmesg (logi ya kernel) inapotaja "Hardware Error".

Swali: EDAC (sehemu ya Linux inayohesabu makosa ya ramu) inahesabu CE, yaani makosa yaliyosahihishwa, kila siku, nifanyeje?

ECC, ramu inayojikagua makosa, inasahihisha biti 1 ikikosea, zikikosea 2 inagundua tu. CE ikipanda kwenye kijiti kilekile cha ramu agiza kingine mapema, usisubiri UE, kosa lisilosahihishika.

Swali: Kwenye smartctl (zana ya kukagua afya ya diski), UDMA_CRC_Error_Count, hesabu ya makosa ya data njiani kati ya diski na bodi, inapanda. Diski ndo basi?

Anza na kebo, usitupe diski. Ukishabadilisha kebo, hiyo namba haishuki, wewe angalia tu kama imeacha kupanda.